Breka tatu, kiungo kimoja: uchambuzi wa kisa cha mashine ya kusaga

Mashine inayozungumziwa hapa iko katika mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, nami nilifika siku ya pili baada ya mota yake kubwa kuungua. Mwenye mashine, mama mtu mzima, alinipokea mlangoni akiwa na mfuko wa rambo wenye breka mbili (swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi) zilizokwisha kutolewa, akaniambia: "Fundi, umeme wangu hauna shida, ni hizi breka za siku hizi ndizo mbovu." Breka ya tatu ilikuwa bado ukutani, upande wake wa katikati umeyeyuka na kuvimba kama mkate uliozidi hamira. Hakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo, kwa maana kila fundi aliyeitwa kabla yangu alibadilisha breka, na kila breka iliyobadilishwa ilituliza mambo kwa muda.

Kwa miaka tisa mama huyu alikuwa na kinu kimoja tu cha kusaga chenye mota ya kilowati 22. Mwezi wa Mei aliongeza kinu cha kukoboa chenye mota ya kilowati 15, na kwa kuwa kebo ya zamani isingeweza kubeba mota zote mbili, ilivutwa kebo mpya ya alumini ya milimita za mraba 35, yenye urefu wa mita 40 hivi, kutoka kwenye mita hadi kwenye breka kuu ya ampea 100 ndani ya jengo. Hesabu ya ukubwa wa kebo ilikuwa sahihi, na ninalisema hili mapema kwa sababu fundi aliyeivuta alilaumiwa na mtaa mzima kwa jambo ambalo hakulikosea. Kwa umeme wa volti 400, mota ya kilowati 22 huvuta takriban ampea 42 ikiwa na mzigo kamili, ya kilowati 15 huvuta takriban 29, na zikienda pamoja zinafika ampea 71, mzigo ambao kebo ile inaubeba na breka ya 100 inauruhusu. Kosa lilikuwa kwingine, katika sentimita chache za mwisho za kebo, kwenye kiungo, yaani mahali kebo inapofungwa kwenye breka.

Mei na Juni kazi ilikuwa ndogo na vinu viwili havikuwashwa pamoja ila mara chache. Mahindi yalipoingia sokoni mwezi wa Julai, foleni ya magunia ikaanza alfajiri na vinu vyote viwili vikawa vinaunguruma mchana kutwa. Ndipo breka ilipoanza kukata. Kijana wa mashine alinieleza kwa makini yaliyokuwa yakitokea, na maelezo yake yalinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichokikuta siku ile: asubuhi haikukata hata mara moja, haikukata wakati wa kuwasha mota, ambapo mkondo hupanda mara kadhaa ya kawaida, ilikata kuanzia saa nane mchana, baada ya vinu kuwa kazini saa mbili au tatu mfululizo, na ikishakata haikukubali kurudi mpaka ipumzishwe kama dakika kumi. Mtu akiyasikia haya bila kufungua boksi anaweza tayari kukisia kwamba jambo hili linahusu joto linalojikusanya, kwa sababu hitilafu ya shoti haisubiri saa nane mchana, na mota iliyozidiwa wakati wa kuanza hukata palepale.

Mwanzoni mwa Agosti ikafungwa breka mpya ya ampea 100 ya kampuni nyingine, na kwa wiki tatu kukawa shwari. Kisha ikarudi palepale. Mwishoni mwa Agosti ikafungwa breka ya ampea 160, na kwa kuwa kulikuwa na hofu kwamba ovalodi ya mota, yaani kifaa kinachoikata mota ikivuta mkondo kupita kiasi, nayo inasumbua, kisu chake, kile kitufe cha kuzungusha kinachochagua ampea za kukata, kikazungushwa hadi alama ya juu kabisa. Kukata kukaisha. Mama alifurahi, wateja walifurahi, na kwa wiki sita mashine ilifanya kazi bila kusimama.

Katika wiki hizo sita kulikuwa na harufu. Kila mtu aliisikia, na kila mtu aliihesabu kuwa ni ya dagaa, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa kimepangwa na mfanyabiashara wa dagaa na magunia yake yalikaa upande wa pili wa ukuta uleule ulioshika boksi la breka. Ninaomba msomaji ashike jambo hili. Plastiki ngumu zinazotumika katika breka, soketi na vifaa vya zamani vya umeme, zikianza kuungua polepole, nyingi hutoa harufu inayofanana kabisa na samaki. Harufu ya samaki mahali pasipo na samaki ni sababu tosha ya kuzima mein swichi na kutafuta. Hapa samaki walikuwapo, na huo ulikuwa msiba wa bahati mbaya.

Katikati ya Oktoba, jioni moja, kinu cha kusaga kilianza kuvuma kwa sauti nzito, kasi ikapungua, na mahindi yakawa yanatoka nusu yakiwa chenga. Kijana alidhani kinu kimelishwa nafaka nyingi kupita kiasi, akafunga mlango wa nafaka ili kisage kilichomo. Aliposikia harufu kali na kuona moshi mwembamba ukitoka kwenye boksi, akakimbia kuzima. Mota ilikuwa imekwisha kuungua. Vumbi la unga lililotanda juu ya boksi, nene kama kidole, lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia sehemu ya katikati. Lingekolea kidogo zaidi, kisa hiki kingeandikwa kwa namna nyingine, maana paa la jengo ni la mbao na ukuta wa ndani una magunia ya pumba hadi darini.

Nilipofungua boksi, fundi kijana aliyekuwapo, yule aliyefunga breka ya 160, alishika spana tayari kukaza nati za fezi mbili zilizobaki kati ya tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Nikamwomba: "Mdogo wangu, usikaze kwanza, tupime." Ukikaza nati ya kiungo kibovu unafuta ushahidi. Kinakuwa kizuri kwa siku chache, vipimo vinasoma vizuri, na sababu halisi inabaki imefichwa ndani ya lagi, yaani kile kichwa cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya kebo ili ifungwe kwa nati. Hilo ndilo lililotokea mwezi wa Agosti: breka mpya haikuponya chochote, bali kitendo cha kufungua nati na kuzikaza upya ndicho kilichonunua wiki tatu.

Fezi ya njano ilikuwa imekwisha kabisa. Lagi yake ilikuwa imeachana na kebo, nyuzi za alumini zimeliwa ncha, ganda la plastiki limekauka na kuwa jeusi kwa urefu wa sentimita 20 hivi, na lilivunjika kama ganda la karanga nilipolikunja. Fezi ya bluu ilionekana nzima kwa mtu anayetazama haraka, lakini plastiki yake karibu na lagi ilikuwa imepoteza mng'aro na kuwa ngumu. Ganda la PVC la kawaida limetengenezwa kustahimili nyuzi joto 70 katika matumizi ya kudumu. Likizidishiwa hapo kwa muda mrefu hupoteza ulaini wake, na ugumu huo unausikia kwa kidole kabla jicho halijauona. Fezi nyekundu ilikuwa laini, rangi yake safi.

Kabla ya kusimulia vipimo, ni lazima nieleze kinachotafutwa. Vyuma viwili vikibanwa pamoja havigusani kila mahali kama macho yanavyotudanganya. Kwa karibu sana, kila uso ni milima na mabonde, na mkondo hupita tu pale vilele vinapokutana na kupondana. Ragnar Holm, mtafiti aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika somo hili, alionyesha kwamba eneo halisi la mgusano ni sehemu ndogo mno ya eneo linaloonekana, na kwamba nguvu ya kubana ndiyo inayoamua vilele vingapi vitapondana. Kwa hiyo kiungo kinaishi kwa mbano. Mbano ukipungua, vilele vinavyobeba mkondo vinapungua, kila kimoja kinabeba zaidi, na ukinzani, yaani ugumu wa mkondo kupita, unapanda. Joto linalozalishwa ni zao la ukinzani huo na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, yaani mkondo ukiongezeka maradufu joto linakuwa mara nne. Ndiyo sababu kiungo kilekile kilichofungwa ovyo kinaweza kuishi miaka ishirini katika sakiti ya taa bila mtu kujua, na kikaungua ndani ya miezi mitano kikibebeshwa ampea 70.

Shirika la umeme lilikuwa limekwisha kukata upande wa mita, hivyo boksi zima lilikuwa halina umeme, na sikutaka kuwasha chochote katika hali ile. Tukaazima betri ya gari ya volti 12 na taa tano za mbele za wati 55, tukaziunga sambamba ili zitumike kama mzigo. Zilivuta ampea 22. Mkondo huo tuliupitisha katika kila kiungo kilichobaki, kwa kuchuna ganda la kebo nyuma kidogo ya lagi, mahali ambapo tulijua patakatwa hata hivyo, na kutoa mkondo upande wa pili wa breka ikiwa imefungwa. Kisha kwa maltimita ya kawaida iliyowekwa kwenye milivolti, nikaweka ncha moja kwenye nyuzi za alumini na nyingine kwenye chuma cha breka chenyewe, nikihakikisha ncha za mita hazishiki mahali pamoja na klipu za betri, kwa sababu klipu nazo zina mgusano wake mbaya na zingeharibu kipimo.

Fezi nyekundu ilisoma milivolti 11. Fezi ya bluu ilisoma 78. Fundi kijana aliinama akasoma mwenyewe, akaniomba nirudie, nikarudia, ikabaki 78. Ukigawa kwa ampea 22 unapata ukinzani wa nusu miliomu (miliomu ni sehemu ya elfu moja ya omu) kwa nyekundu na zaidi kidogo ya miliomu 3.5 kwa bluu. Namba hizi ni ndogo kiasi kwamba hakuna kipimo cha kawaida cha omu kitakachoziona; mita nyingi zingesoma sifuri na fundi akaridhika. Lakini katika ampea 70, miliomu 3.5 zinatoa wati 17 hivi, zote zikiwa zimebanana katika kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Fezi ya njano ilipita hapo kabla ya kufa. Ukinzani wake ulipofika miliomu 8 tu, ilikuwa inatoa wati 39, na anayejua kazi ya mafundi redio anaelewa maana yake: ni sawa na chuma cha kulehemu cha wati 40 kilichowashwa asubuhi, kikasahauliwa ndani ya boksi la plastiki lililofunikwa na unga.

Sikuishia hapo, kwa sababu "kiungo kibovu" si jibu kamili. Katika kiungo cha namna hii kuna migusano miwili: ule wa nyuzi za kebo ndani ya shingo ya lagi, na ule wa bapa la lagi dhidi ya chuma cha breka. Nikaweka ncha kwenye nyuzi na kwenye mwili wa lagi ya bluu: milivolti 57. Kutoka mwili wa lagi hadi chuma cha breka: 21. Sehemu kubwa ya joto ilikuwa inazaliwa ndani ya shingo ya lagi, mahali ambapo spana haifiki. Ungekaza nati ya breka mpaka uzi ukatike, zile milivolti 57 zisingepungua hata moja.

Nikaikata lagi ya bluu kwa msumeno wa chuma, kukatisha shingo yake, nikasugua uso kwa msasa laini na kumpa fundi kijana aitazame juani. Lagi ilikuwa ya shaba, ya kebo ya milimita za mraba 50, kwa kuwa dukani siku ile hapakuwa na za 35, na nafasi iliyobaki ilijazwa kwa vipande vya waya wa shaba vilivyokunjwa. Ilibanwa kwa nyundo na tindo: alama tatu za tindo zilionekana wazi mgongoni. Ndani, nyuzi saba za alumini zilikuwa bado duara, kila uzi na umbo lake, na kati yao mwanga ulipita. Lagi iliyobanwa sawasawa ukiikata hivyo huoni duara. Nyuzi zinakuwa zimesongamana na kubadilika umbo mpaka zinakaribia kuwa kipande kimoja, na pengo la kupitisha hata pini halipo. Katika mapengo yale kulikuwa na unga mweupe wa kijivu, ambao ni kutu ya alumini.

Kuhusu ule mgusano wa pili, sababu ilikuwa ndogo na ya kusikitisha. Kati ya bapa la lagi na chuma cha breka kulikuwa na washa ya chuma. Aliyeiweka alikuwa na nia njema, akidhani washa hulinda na hukaza vizuri, lakini chuma kina ukinzani mara nyingi zaidi ya shaba, na kwa kuiweka pale alilazimisha ampea 70 zipite ndani ya washa badala ya kupita moja kwa moja kutoka shaba kwenda shaba. Mahali pa washa ni chini ya nati au kichwa cha bolti, si katika njia ya mkondo. Fezi nyekundu haikuwa na washa hiyo, labda kwa sababu ziliisha, na hilo linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini ilinusurika.

Sasa turudi kwenye breka, maana hapo ndipo kisa hiki kinapofundisha kitu ambacho hata mafundi wazoefu hukisahau. Breka ya aina hii ina ulimi wa metali mbili ndani yake, unaopashwa joto na mkondo unaopita. Mkondo ukizidi, ulimi unapinda na kuikata. Breka inapima mkondo kwa njia ya joto la ulimi huo, na haijui joto hilo limetoka wapi. Kiungo kilichofungwa kwenye mlango wake kikichemka, joto hutembea katika shaba hadi kwenye ulimi, na breka hukata ikiwa na ampea 70 kana kwamba zimepita 100. Mwezi mzima wa Julai breka ile ya kwanza, iliyolaumiwa kuwa mbovu, ilikuwa inatoa taarifa ya kweli kwa njia pekee iliyokuwa nayo. Nilizipima zote mbili zilizokuwa kwenye mfuko wa rambo na hazikuwa na kasoro niliyoweza kuipata, isipokuwa alama ya kubabuka kwenye mlango wa katikati wa kila moja, mahali palepale, fezi ileile. Breka mbili za kampuni mbili tofauti zikiungua mahali pamoja, mshitakiwa ni kile kilichofungwa mahali hapo.

Ilipowekwa breka ya 160, ulimi wake ulihitaji joto kubwa zaidi ili upinde, hivyo taarifa ile ikazimwa. Mkondo haukubadilika, ukabaki ampea 70 zilezile, halali kabisa kwa kila kifaa cha ulinzi kilichokuwa katika jengo. Ieleweke vizuri: hakuna breka wala fyuzi itakayokata kwa sababu kiungo kimefika nyuzi 200, ikiwa mkondo unaopita ni wa kawaida na joto halijaufikia ulimi wake. Kiungo kibovu hakiongezi mkondo. Kinaupunguza kidogo, kama kinafanya lolote.

Mama aliniuliza swali la haki: mbona fundi wa Agosti alipima volti na akakuta fezi zote ziko sawa? Alipima sawasawa, lakini vinu vikiwa vimezimwa. Kiungo kibovu hakipotezi volti yoyote mpaka mkondo upite. Na hata kama angepima vinu vikifanya kazi, kiungo cha miliomu 8 katika ampea 70 kinapoteza kama nusu volti tu, na nusu volti katika 400 hakuna anayeijali. Kupima volti kati ya fezi na fezi hakuwezi kuonyesha tatizo hili kabla halijawa moto. Kinachoonyesha ni kupima kiungo chenyewe, upande huu na upande ule, kikiwa na mzigo, au kukitazama kwa kipimajoto na kukilinganisha na jirani zake wanaobeba mkondo uleule.

Mota iliyoungua ilithibitisha mlolongo huu. Niliongozana nayo hadi kwa fundi wa kusuka mota mjini Morogoro na kumwomba nione koili kabla hajazitoa. Theluthi moja ya mafungu ya koili ilikuwa nyeusi kama mkaa, theluthi mbili bado zilikuwa na rangi ya asali ya vanishi yake. Mota iliyozidiwa na mzigo kwa kawaida huungua kote kwa usawa. Mota iliyofungwa delta, yaani mafungu yake matatu ya koili yameungwa kama pembetatu, ikipoteza fezi moja huunguza fungu moja, lile linalobaki peke yake kati ya fezi mbili zilizo hai, wakati mafungu mengine mawili yanagawana volti. Kwa hiyo kiungo cha njano kilikatika kwanza, mota ikaendelea kuzunguka kwa fezi mbili ikivuta mkondo unaokaribia mara 1.7 ya kawaida, na ovalodi ambayo ingeikata ilikuwa imezungushwa hadi juu. Laiti kisu kile kingeachwa kwenye alama yake, mama angepoteza breka tu na mota ingebaki salama.

Wengi katika mji ule walihitimisha kwamba alumini ndiyo mbaya, na wengine wakaanza kuulizia bei ya kebo za shaba. Sikubaliani nao, ingawa ninaelewa hofu yao. Nyaya nyingi za nguzoni duniani ni za alumini na zinafanya kazi vizuri. Lakini alumini haisamehe kiungo kibaya kama shaba inavyosamehe, na sababu zake zinajulikana. Uso wake ukiguswa na hewa hufunikwa papo hapo na utando wa oksaidi usiopitisha umeme. Ikipata joto hutanuka zaidi ya shaba na chuma. Ikibanwa sana huku ina joto hutiririka polepole kama nta na kulegea yenyewe, na kila mzunguko wa kuwasha asubuhi na kuzima jioni huongeza ulegevu kidogo. Ikikutanishwa na shaba mahali penye unyevu, huliwa. Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama: nyumba nyingi zilizojengwa kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zilitandazwa nyaya za alumini kwa sababu bei ya shaba ilikuwa imepanda, na baadaye tume ya serikali ya usalama wa bidhaa za walaji ikaeleza kwamba nyumba za nyaya za alumini zilizojengwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi, kuliko za shaba, wa kuwa na kiungo kimoja au zaidi kilichofikia hali ya hatari ya moto. Katika maelezo hayo, lawama iko kwenye viungo, wala si kwenye waya ulionyooka ukutani.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Kebo ilikatwa nyuma hadi tulipoona alumini inayong'aa na ganda laini, na bahati nzuri kulikuwa na akiba ya kutosha ndani ya mfereji. Lagi za metali mbili za milimita za mraba 35, shingo ya alumini na bapa la shaba, hazikupatikana Kilosa wala Morogoro. Ziliagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi siku iliyofuata. Nyuzi zilisuguliwa kwa brashi ya waya huku zimepakwa grisi maalumu ya viungo vya alumini, ili utando wa oksaidi unaovunjwa usipate hewa ya kujijenga tena. Mashine ya haidroliki ya kubania lagi niliiazima kwa mkandarasi mmoja wa Morogoro, yenye meno ya 35 yaliyoandikwa namba hiyo. Breka ikarudi kuwa ya ampea 100. Nati zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu, ile ambayo mafundi magari huiita toki renchi, kwa kiwango kilichochapwa ubavuni mwa breka yenyewe, kisha nikachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma ili yeyote aone kama imesogea. Boksi lilihamishwa ukuta wa nje, mbali na unga, na kisu cha ovalodi kikarudishwa mahali pake.

Fundi kijana ndiye aliyebana lagi ya mwisho. Kwa betri ileile na taa zilezile, viungo vyote vitatu vilisoma chini ya milivolti 2, na ninakumbuka alivyoitazama mita kwa muda mrefu kana kwamba imeharibika. Mota iliporudi kutoka kusukwa na vinu vyote viwili vikawashwa, tulingoja saa mbili nzima, kwa sababu kipimo cha joto kinachochukuliwa baada ya dakika tano hakina thamani. Tulikuwa tumebandika vipande vidogo vya tepu nyeusi juu ya lagi mapema, umeme ukiwa umezimwa, maana kipimajoto cha infraredi hudanganywa na metali inayong'aa na kusoma chini sana. Katika ampea 68, chumba kikiwa na nyuzi 31, fezi nyekundu ilisoma nyuzi 52, ya njano 53, ya bluu 52. Sikutafuta namba ndogo; nilitafuta namba zinazofanana. Fezi tatu zinazobeba mzigo sawa zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 15, kuna kiungo cha kushughulikiwa bila kungoja.

Upande wa mita, ambao una lakiri na hatuna ruhusa ya kuugusa, niliandika barua shirika lije likague viungo vyake, na lilikuja.

Ndani ya mlango wa boksi jipya nilibandika karatasi yenye safu za tarehe, ampea, na joto la kila fezi, na kumwachia kijana wa mashine kipimajoto cha bei nafuu. Amekuwa akiandika kila Jumamosi alasiri, vinu vikiwa vimekwisha kuchemka. Nilipopita Februari, fezi ya njano na ya bluu zilikuwa bado zinasoma 53 na 52 katika mzigo uleule, lakini nyekundu ilikuwa imepanda wiki baada ya wiki kutoka 52 hadi 58, na mstari wa rangi juu ya nati yake haukuwa umesogea. Hiyo ina maana kwamba tatizo, kama lipo, liko ndani ya shingo ya lagi na si kwenye nati. Nimemwomba mama asimruhusu mtu yeyote kuikaza. Nimeagiza lagi nyingine, na Jumapili ijayo, mashine ikiwa imefungwa, tutaikata ile na kuitazama juani.